Taveta kwa Nambari: Mji Unaolala Mdogo na Kuamka Mkubwa

Ukifika Taveta Jumanne mchana, utaona mji wa kawaida tu. Maduka yako wazi, watu wa boda boda wamejipanga kivulini wakingoja abiria, na kwa wakala unahudumiwa bila foleni. Unaweza hata kujiuliza, kwani watu wa huku wameenda wapi?

Sasa rudi Jumatano asubuhi. Malori yamefika mapema, mikungu ya ndizi imelazwa chini safu kwa safu, magunia ya maharagwe na mahindi yanashushwa, na mikokoteni inapiga kelele kutafuta njia. Kwa wakala yule yule wa jana foleni imefika barabarani, na kabla ya saa nne utasikia neno ambalo hakuna mfanyabiashara anayependa kulisikia: "Cash imeisha, dada. Subiri kidogo."

Jumatano na Jumamosi ndizo siku za soko Taveta. Siku hizo mbili mji unakuwa mji mwingine kabisa.

Wateja wetu wengi huuliza swali moja kabla ya kufungua duka, kibanda cha nguo au kazi ya uwakala: mji huu una watu wangapi? Ni swali zuri, lakini Taveta inatufundisha kwamba jibu lake linaweza kukupoteza. Hebu tuzipitie nambari pamoja.

Nambari rasmi zinasema nini

Tuanze na sensa ya 2019, ambayo ndiyo hesabu kubwa ya mwisho ya watu Kenya:

- Kenya nzima: watu 47,564,296
- Kaunti ya Taita Taveta: watu 340,671
- Kaunti ndogo ya Taveta: watu 91,222

Yaani, katika kila watu wanne wa Taita Taveta, zaidi kidogo ya mmoja anaishi Taveta. Kaunti ndogo hii ina wadi tano: Chala, Mahoo, Bomeni, Mboghoni na Mata. Mji wenyewe ni sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Wengi wa hao 91,222 wako mashambani, kwenye migomba, kwenye mashamba ya mkonge, au kando ya Ziwa Jipe wakivua samaki.

Kaunti nayo inakua. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 284,657. Miaka kumi baadaye wameongezeka 56,014, karibu asilimia 20.

Usisahau ardhi pia. Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 17,000, lakini kama asilimia 62 ya eneo hilo iko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ukitazama ramani utadhani watu wana nafasi ya kumwaga. Ukweli ni kwamba wamebanwa kwenye sehemu ndogo iliyobaki, na hata huko ndovu huwa hawaombi ruhusa kabla ya kuingia shambani. Mkulima wa huku anaweza kulala akiwa na shamba la ndizi na kuamka akiwa na hasara.

Sensa ilihesabu usiku, soko linahesabu mchana

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu kulingana na mahali walipolala usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Ukiangalia kalenda, tarehe 24 Agosti 2019 ilikuwa Jumamosi. Siku ya soko Taveta!

Kwa hivyo fikiria. Mama aliyetoka Voi asubuhi kununua ndizi na kurudi jioni alihesabiwa Voi. Dereva wa lori aliyeondoka na mzigo alihesabiwa alikolala. Mfanyabiashara aliyevuka mpaka na vitunguu kutoka upande wa Moshi, akauza na kurudi kwake, hakuhesabiwa Kenya kabisa. Na siku ile ile wote walikuwa Taveta, wakinunua, wakiuza, wakila chapati na kutafuta wakala.

Sensa haikukosea. Kazi yake ni kujua watu wanaishi wapi, ili serikali ipange shule, hospitali na maji. Lakini wewe mfanyabiashara unahitaji pia nambari ya pili, ya watu wanaokuja kununua. Ukipanga biashara ya Taveta kwa hesabu ya Jumanne, Jumatano itakushinda. Ukipanga kwa hesabu ya Jumatano peke yake, kodi ya Alhamisi na Ijumaa itakumaliza.

Kwa nini hapa?

Soko haliwi kubwa bila sababu. Taveta ina tatu.

Ya kwanza ni maji. Eneo kubwa kati ya Voi na Taveta ni kavu, lakini Taveta yenyewe iko chini ya Mlima Kilimanjaro. Mto Lumi unapita hapa, na chemchemi kama za Njoro zinatoa maji yanayomwagilia mashamba. Ndiyo maana ukitoka kwenye vumbi la Tsavo unakutana ghafla na migomba ya kijani. Zamani, katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani kuelekea bara ilipumzika hapa kwa sababu hiyo hiyo: maji, kivuli na chakula. Kumbe soko la Taveta lina umri mkubwa kuliko mpaka wenyewe!

Ya pili ni huo mpaka. Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili mwaka 1886, mstari ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro, na Taveta ikabaki upande wa Kenya. Mpaka huo uliwahi kuleta vita. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Waingereza hawakuirudisha mpaka Machi 1916. Makaburi ya wanajeshi yako mjini hadi leo. Siku hizi mpaka unaleta biashara. Holili ya Tanzania iko kilomita chache tu kutoka hapa, na mji wa Moshi hauzidi kilomita 50. Mahindi, maharagwe, mchele na vitunguu vinaingia. Bidhaa za viwandani kutoka Kenya zinatoka.

Ya tatu ni barabara. Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110. Kwa miaka mingi kipande cha Mwatate hadi Taveta kilikuwa cha vumbi, na mvua ikinyesha lori lilikuwa linaweza kukwama na ndizi zikaivia njiani. Sasa ni lami. Mzigo unaopakiwa mchana unaweza kufika Mombasa kabla soko la kesho yake halijafunguliwa.

Watu wa soko

Wataveta ndio wenyeji. Wapo pia Wataita, Wakamba na Wamaasai, na kutoka ng'ambo wanakuja Wachaga na Wapare. Kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, lakini bei inapatanwa kwa Kiswahili. Utamjua wa upande wa pili kwa upole wa salamu. Atakuuliza habari za nyumbani, za watoto na za safari kabla hajakutajia bei ya vitunguu. Sisi Wakenya tunaenda moja kwa moja: "Mwisho ni ngapi?"

Kazi ziko nyingi. Kuna mkulima mwenye migomba. Kuna mama anayezunguka kukusanya mikungu kwa majirani na kuileta sokoni. Kuna dalali anayewaunganisha wauzaji na mwenye lori. Kuna vijana wa kupakia na wa mkokoteni. Kuna mama wa chakula, wa mitumba, na wabadilisha pesa wenye shilingi za nchi mbili. Na katikati yao wote kuna wakala, ambaye hata akiumwa na kichwa siku ya Jumatano, soko zima litajua.

Pesa inavyotembea siku ya soko

Mwaka 2006, kabla pesa kwa simu hazijaanza Kenya, ni asilimia 26.7 tu ya watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za kifedha. Kufikia utafiti wa FinAccess wa 2024, walikuwa asilimia 84.8. Hiyo ni hatua kubwa, na sisi tulio kwenye biashara hii tunajivunia.

Lakini kuwa na akaunti kwenye simu ni jambo moja. Kupata pesa mkononi saa tatu asubuhi siku ya soko ni jambo lingine. Tuone ni kwa nini.

Wakala ana mifuko miwili. Mmoja ni cash iliyo kwenye droo. Wa pili ni floti, yaani pesa zilizo kwenye simu yake ya kazi. Mteja akitoa pesa, cash inapungua na floti inapanda. Mteja akiweka pesa, inakuwa kinyume. Jumla haibadiliki, inahama tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Tuseme wakala amefungua Jumatano akiwa na cash Sh60,000 na floti Sh60,000. Jumla Sh120,000, si haba. Asubuhi wanunuzi wanafika wakiwa na pesa kwenye simu, na wanataka cash ya kuwalipa wakulima. Watu 20 wakitoa Sh3,000 kila mmoja, droo imebaki tupu. Simu yake ina Sh120,000, lakini mteja wa 21 anaambiwa cash imeisha.

Mchana mambo yanageuka. Wakulima na wauzaji wamemaliza, na hawataki kupanda matatu wakiwa na noti mfukoni. Wanataka kuweka. Watu 40 wakiweka Sh3,000 kila mmoja, floti imekwisha na droo ina Sh120,000. Sasa wakala anafunga kibanda jioni akiwa na noti nyingi, na kila mtu anajua leo ilikuwa siku ya soko. Hapo sasa hasara inaweza kuwa zaidi ya pesa.

Ukilitazama vizuri, tatizo la asubuhi na la mchana ni pesa zile zile zikizunguka bure. Mnunuzi anatoa, anamlipa mkulima, mkulima anarudi kuweka kwa wakala yule yule. Wamelipa ada, wamepoteza saa nzima kwenye foleni, na pesa imerudi kwenye simu ilikotoka!

Anayelipia ni mama wa ndizi

Foleni hii ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi.

Chukua mfano wa mama aliyeleta mikungu 30. (Bei hizi ni za mfano tu, sokoni zinapanda na kushuka.) Wamepatana na mnunuzi Sh400 kwa mkungu, jumla Sh12,000. Mnunuzi anaenda kwa wakala, cash hakuna. Anarudi na kusema ana pesa kidogo mkononi, anaweza kulipa Sh350 kwa mkungu sasa hivi au mama asubiri. Lori linawasha injini. Ndizi zilizokatwa hazirudi mgombani. Mama anakubali Sh10,500.

Amepoteza Sh1,500. Kwa siku moja utasema ni bahati mbaya. Lakini soko ni mara mbili kwa wiki. Ikimtokea kila siku ya soko kwa wiki nne, hizo ni siku nane, na Sh1,500 mara nane ni Sh12,000. Huo ni mkokoteni mzima wa ndizi aliouza kwa bei nzuri, umeyeyuka. Hakuibiwa na mtu. Alikosa tu njia ya kulipwa kwa wakati.

Shilingi mbili, soko moja

Kitu kingine ambacho mji wa mbali na mpaka haukijui: hapa kuna shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania, na kiwango cha kubadilisha hakisimami mahali pamoja.

Tuseme leo shilingi 1 ya Kenya ni 20 za Tanzania. Ukibadilisha Sh10,000 za Kenya unapata 200,000. Mtu wa pili akikupa kwa 19, unapata 190,000. Tofauti hiyo ya 10,000 za Tanzania ni sawa na Sh500 za Kenya. Kwa mfanyabiashara mdogo hiyo ni nauli, chakula cha mchana na chenji ya kurudi nayo nyumbani. Wengi hawaioni kwa sababu noti zilizo mkononi zimekuwa nyingi, na noti nyingi hudanganya macho.

Jambo la kujua pia: wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki wana utaratibu rahisi wa forodha. Kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zilizotoka ndani ya jumuiya na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani bila kulipa ushuru wa kuingiza. Mazao bado yanaweza kuhitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hivyo uliza kwanza. Kuuliza ni bure. Kupita njia za panya kunaweza kukugharimu mzigo mzima.

Mambo sita ya kufanya kabla ya siku ya soko ijayo

1. Lipana moja kwa moja kwa simu. Ikiwa mnunuzi na muuzaji wote wana laini, hakuna haja ya noti kupita katikati. Mama wa ndizi akiwa na till, mnunuzi analipa pale pale kwenye mkungu. Ndiyo, sisi tunauza huduma hiyo, kwa hivyo tuna maslahi. Lakini fanya hesabu ya ile Sh1,500 mwenyewe uone.

2. Usiamini ujumbe, amini salio. Siku ya soko matapeli nao wana haraka. Wanatuma ujumbe uliotengenezwa kufanana na wa kweli, kisha wanasukuma: "Si umeona imeingia?" Fungua salio lako kwanza ndipo uachilie mzigo. Atakayekasirika kwa sababu umeangalia salio, mwache aende.

3. Mtu akisema ametuma kimakosa, usimrudishie wewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja. Pesa ikiwa iliingia kweli, itarudi kwa njia rasmi. Ikiwa haikuingia, umejiokoa. Na PIN yako haiulizwi na mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

4. Wakala, panga mifuko yako kwa saa. Asubuhi ya soko fungua na cash nyingi, mchana hakikisha floti iko. Elewana na mwenye duka la jumla aliye jirani: yeye ana noti asizotaka kulala nazo, wewe unazihitaji. Badilishaneni ndani ya duka, si barabarani.

5. Angalia jina la mtandao juu ya skrini. Karibu na mpaka simu inaweza kuhamia mtandao wa nchi ya pili bila kukuambia. Ukiona jina geni, chagua mtandao wako mwenyewe kabla ya kupiga au kuwasha data.

6. Tafuta bei ya shilingi kwa watu wawili au watatu. Andika unachopewa, piga hesabu kwenye simu yako mwenyewe, kisha hesabu noti kabla hujaondoka.

Hatusemi cash ni adui. Muuzaji kutoka ng'ambo asiye na laini ya Kenya anahitaji noti, na kijana wa kupakia anaweza kutaka Sh50 yake mkononi sasa hivi. Tunachosema ni kwamba noti ziachiwe wanaozihitaji kweli. Kila mtu anayelipa kwa simu amempisha mwenzake mmoja kwenye foleni.

Hesabu mji wako

Huenda wewe hauko Taveta. Pengine soko lako ni la Jumatatu, au la mara moja kwa wiki mbili. Bado unaweza kutengeneza takwimu zako, na huhitaji digrii. Unahitaji daftari na wiki nne.

Chora safu nne: siku, wateja waliofika, waliolipa kwa simu, na waliondoka bila kununua kwa sababu ya malipo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo hakuna mtu huiandika. Tunaandika tulichouza. Hatuandiki tulichokosa kuuza.

Baada ya wiki nne, linganisha siku ya soko na siku za kawaida. Utajua ni lini ufungue mapema, ni lini uongeze mzigo, na ni lini ubaki nyumbani ukapumzika bila kujilaumu. Hiyo ndiyo sensa yako ya mchana.

Taveta ina watu 91,222 kwenye karatasi za serikali, na hiyo ni nambari ya kweli. Lakini Jumatano ijayo, mama mmoja atafika na mikungu yake kabla jua halijapanda, na nambari atakayoijali ni moja tu: amerudi nyumbani na shilingi ngapi. Tukiweza kumsaidia zile Sh1,500 zibaki mfukoni mwake, tutakuwa tumefanya kazi yetu.

Mji wako ni upi, na siku ya soko ni lini? Tuambie, huenda tukaja kuuhesabu pamoja nawe.